Mkungu wa Bibi Ndeshi

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama nje ya gereji moja hapa Moshi mjini nikisubiri fundi amalize kuziba pancha, pikipiki ikapita imebeba majani ya ng'ombe. Mzigo ulikuwa mkubwa hata dereva haonekani, utadhani kichaka kimeamua kwenda sokoni chenyewe. Harufu ikanipiga usoni: majani mabichi, umande, na ule uchungu wa maganda ya mgomba yaliyofungia mzigo kama kamba. Shingo ikaniuma. Sitanii, iliuma palepale mzigo ulipokuwa ukikaa nilipokuwa mtoto.

Jioni ya siku hiyo, kama vile kuna mtu alikuwa ananichungulia, mwenzetu mmoja aliyehamia Dar akaandika kwenye kundi la WhatsApp la sisi tuliopata kipaimara pamoja kwamba wazazi wetu walitutumikisha. Tulibeba maji, tulibeba majani, tulibeba kuni, tena nyingine za majirani, na utoto wetu ukaibiwa. Watu wakamwekea vikatuni vya kulia. Mwingine akasema wanawe yeye hawagusi hata ufagio, yupo dada wa kazi. Nikaandika kwamba utoto wangu mimi haukuibiwa na mtu, na nikipewa nafasi ningeubeba tena kichwani, mzigo wote. Wakanicheka, wakaniita bibi wa kijijini. Haya, bibi wa kijijini ana neno la kusema, na kwa kuwa halienei kwenye simu nalisema hapa.

Kwetu ni juu ya Himo, barabara ya Marangu inapoanza kupanda na masikio kuziba. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, kilikuwa cha kawaida tu: migomba juu, kahawa chini yake, nyumba ya bati katikati, na ng'ombe mmoja zizini ambaye hakuwahi kuyaona malisho kwa macho yake. Sisi ndio tuliokuwa miguu yake. Tulikuwa watatu, kaka yangu Elia, mimi, na mdogo wetu Neema. Mama aliuza ndizi soko la Himo. Baba alikuwa fundi seremala, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa kwenye usharika wetu wa Kilutheri. Kazi mbili hizo alizifanya kwa moyo mmoja, na zote mbili alizifanya kwa sauti kubwa.

Kila siku tukitoka shule, kabla hatujamkatia majani ng'ombe wetu, tulimkatia ng'ombe wa Bibi Ndeshi. Huyu alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, mama mtu mzima aliyekuwa akiishi peke yake, magoti yamemgomea. Elia alimpasulia kuni, Neema alifagia, mimi nilichota maji kwenye mfereji, maji ya mlimani ambayo ukiyagusa asubuhi vidole vinakuuma mpaka kwenye kucha. Tukinung'unika mama alikuwa na jibu moja tu. "Mtoto asiyetumwa na jirani hajakua," alisema, "amerefuka tu." Nyinyi mnaosema mliibiwa, nadhani na kwenu ilisemwa. Mimi nilikuwa nakasirika kama nyinyi, ila nilikasirika nikitembea.

Kulikuwa na sharti moja. Hatukuruhusiwa kupita barabarani, ambako ungepita mbele ya kanisa. Tulipita nyuma, njia ya mferejini, katikati ya mibuni, mizigo ikikwama kwenye matawi. Baba alieleza kwamba wema hautangazwi. Maneno mazuri, nami niliyaamini, kwa sababu yalitoka kwa mzee wa kanisa. Lakini nilikuwa na sababu yangu mwenyewe ya kupita nyuma, na sikumwambia mtu. Nilijua kwamba Bibi Ndeshi ni mgonjwa. Nilikuwa nimesikia watu wakisema kwa sauti ya chini, "Yule si ametengwa," na mimi nikajua kutengwa ni ugonjwa, tena wa kuambukiza.

Msinicheke, ushahidi ulikuwepo. Hakuna aliyekula kwake. Hakuna aliyesimama naye njiani. Siku ya Meza ya Bwana, watu wazima wote walipokunywa kikombe kimoja, yeye alikuwa hayupo, na nikaona hilo ni jambo la busara kabisa, kwani angewaambukiza. Na sisi wenyewe tulipitishwa nyuma, kama watu wanaotoka kwenye nyumba ambayo kuku wake wana kideri. Kwa hiyo ndoo nilikuwa naiweka chini, narudi nyuma, ndipo yeye anaichukua. Nikifika mferejini nasugua mikono kwa mchanga. Neema, ambaye hakuwa na akili bado, alikuwa anakaa mapajani kwake na kula kiazi chake, na kila jioni nilipomwogesha nilikuwa namkagua mgongo kuona kama madoa yameanza.

Siku moja Bibi Ndeshi alinikamata. Nilikuwa nimeweka ndoo, narudi kinyumenyume, akaniita.

"Binti, unaniogopea nini?"

Nikasema siogopi kitu.

"Mbona huniletei ndoo mkononi? Nina miba?"

Sikuwa na uongo wa karibu, nikasema kweli. "Naogopa kutengwa kwako."

"Ehee. Na kunauma wapi, huko kutengwa kwangu?"

"Sijui, Bibi. Labda magotini."

Yeleuwi! Yule mama alicheka mpaka ng'ombe akageuza kichwa. Alicheka akishika mlango, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaanza upya. Halafu akasema, "Kumbe. Kumbe na magotini kunauma kweli." Akanivuta mkono, akanikalisha kwenye kigoda, akaniambia mambo ambayo leo wangesema mtoto haambiwi.

Alikuwa na binti mmoja. Yule binti alipata mimba akiwa nyumbani, hajaolewa, na sheria ya usharika enzi hizo ilikuwa kwamba binti na mama yake wote wawili watengwe na Meza ya Bwana, mpaka watakaposimama mbele ya watu Jumapili na kutubu ndipo warudishwe kundini. Binti asimame kwa dhambi yake, mama asimame kwa kushindwa kulea. Wengi walisimama, yakaisha. Bibi Ndeshi akakataa. "Niliwauliza, mwanangu amezaa mtoto, mtoto mzima, ana vidole vyote. Niwaombe radhi ya nini? Yule kijana aliyempa mimba alikuwa anaimba kwaya. Hawakumuuliza kitu, aisee, aliendelea kuimba." Wazee wakampa muda ajirekebishe. Binti akachoka kutazamwa, akabeba mtoto wake akavuka mpaka wa Holili kwenda upande wa Kenya, na huko ndiko alikobaki. Bibi Ndeshi naye akabaki hapohapo, hajatubu, miaka ikapita, wazee waliomtenga wakafa mmoja mmoja wakiacha amri yao hai.

Nilimuuliza kama analia akikosa Meza ya Bwana. Akasema hilo ameliacha kwa Mungu, watalimaliza wawili. Kinachomchoma ni kitu kingine. Kila Sikukuu ya Mavuno alikuwa anatuma sadaka ya shamba lake kama watu wengine, na sadaka ilikuwa inapokelewa vizuri tu. "Lakini wakifika kwenye mnada wanasema, huu mkungu umetoka kwa mtu mmoja. Mtu mmoja! Mbuzi wakimuuza wanasema ni wa fulani. Mimi nilibatizwa pale, jina langu liliitwa pale. Nikaacha kupeleka. Sitaki kuwa mtu mmoja. Nina jina."

Sikukuu ya Mavuno ilikuwa inakuja. Nikasema, kwa kiburi chote cha mtoto wa darasa la kipaimara, "Mwaka huu tutapeleka sisi. Nitasema jina lako." Halafu akanielekeza mgomba ulioko nyuma ya zizi, mkungu wa mchare, ndizi zetu za kupika, uliojaa, vidole vinene vimebanana, akamwita Elia aliyekuwa akipasua kuni, akamwambia aukate taratibu usidondoke. Siku ile ndoo nilimpa mkononi.

Nyumbani jambo halikupita kirahisi. Baba aliusikiliza mpango wetu huku akichonga mguu wa meza, kisha akasema mkungu uende, ni jambo jema, ila uchanganywe na wetu. Mungu anajua upi ni upi.

"Mungu anajua, Bibi Ndeshi je?" nikauliza.

"Usinijibu."

"Sijibu, nauliza. Ameniambia anataka jina lake lisemwe."

"Binti, wewe una kipaimara mbele yako. Na mimi ndiye ninayenadi. Unataka nisimame mbele ya wazee wenzangu niite jina la mtu aliyetengwa? Tunamsaidia. Hatosheki?"

Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori, ile supu yetu ya Jumapili, hakuinua kichwa. Akasema polepole, "Baba Elia, tunamsaidia kwa mlango wa nyuma. Mbwa pia hupewa chakula nyuma." Baba akaweka randa chini akatoka nje. Nilimhurumia, na nilimkasirikia zaidi ya nilivyomhurumia. Huyu ndiye aliyenifundisha kutumikia watu, na sasa alikuwa ananipimia kiasi cha kutumikia, kama anavyopimiwa mtoto sukari.

Kwa asiyejua mnada wetu, nieleze. Baada ya ibada watu hutoka nje, na mazao yaliyotolewa sadaka hunadiwa uwanjani: ndizi, mayai, maparachichi, jogoo aliyefungwa miguu na aibu yake. Mnadi huinua kitu, hutaja kimetoka shamba la nani, na watu hushindania. Na kuna mtindo mmoja mzuri: ukishinda unalipa, kisha unaweza kwenda nacho nyumbani, au unaweza kusema "Narudisha!" Hapo kitu hurudi mnadani, mnadi hukiinua tena, hutaja tena mwenye shamba, na kinauzwa upya kwa ajili ya kazi ya Bwana. Kuku mmoja anaweza kuuzwa mpaka akazimia.

Asubuhi ya sikukuu Elia na mimi tuliubeba mkungu wa Bibi Ndeshi kwenye mti, yeye mbele, mimi nyuma, na tulipita barabarani. Hatukukubaliana kwa maneno. Tulifika kwenye njia panda ya mferejini, Elia akaendelea moja kwa moja, nami nikamfuata. Tuliuweka pembeni peke yake, si kwenye fungu letu. Ibadani sikusikia hata neno la mahubiri. Niliangalia shingo ya baba kwenye benchi la wazee, shingo iliyonyolewa vizuri, nikimwombea na kumpinga kwa pumzi moja.

Mnada ulianza kwa furaha. Baba alikuwa hodari, alikuwa anatania watu, anawataja kwa majina ya baba zao, anasifu mayai utadhani ameyataga yeye. Mwisho vikabaki vitu vichache, na mkungu ule. Akauinua. Ulikuwa mzito, mishipa ikamtoka mikononi. Hakutaja shamba.

Mzee Eliakimu, mwenyekiti wa wazee, alikuwa amesimama nyuma yake na fimbo yake. "Sema ni wa mtu mmoja," akamwambia, "tumalize, jua kali."

Na kweli nilimwona baba akifungua mdomo kusema hivyo. Nilimjua, nilijua umbo la mdomo wake. Nikatoka kwenye kundi la watoto wa kipaimara, na gauni langu la kuazima, nikasema kwa sauti ambayo ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "Si wa mtu mmoja. Ni wa Bibi Ndeshi. Ana jina."

Watu wote wakanigeukia. Mzee Eliakimu akasema, "Huyu ni mtoto wa nani?" Alikuwa anajua vizuri sana mimi ni mtoto wa nani.

Baba alinitazama. Nimewahi kutazamwa na mabosi, na wakwe, na polisi wa barabarani, sijawahi kutazamwa vile. Alikuwa anamtafuta mtoto aliyemjua, na hakumpata, na alikuwa anaamua kama huyu aliyempata ni hasara au ni faida. Kisha akauinua juu zaidi, juu ya kichwa, akatoa sauti yake yote.

"Mkungu wa mchare! Umetoka shamba la Ndeshi, jirani yangu! Huyu ni mtoto wangu, na mimi ndiye ninayemtuma kwa Ndeshi kila siku! Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Watu walitazama viatu vyao. Nilisikia fimbo ya Mzee Eliakimu ikigonga ardhi. Kama ingeishia hapo, nadhani ningekufa palepale, maana jina lilikuwa limetajwa na limeachwa hewani bila mtu wa kulipokea.

"Mimi hapa," akasema mama.

Alikuwa amesimama upande wa akina mama, amekunja mikono. Baba akapaza sauti. "Umekwenda! Umechukuliwa na Mama Elia!"

"Narudisha," akasema mama.

Basi kwa mtindo wetu baba ilibidi auinue tena, na ataje tena. "Mkungu wa mchare! Shamba la Ndeshi! Nani anaanza?"

"Mimi hapa," akasema mama. "Narudisha."

Mara hii kuna mtu alicheka. Baba akauinua, jasho linamtiririka, akaita jina kwa nguvu zaidi, na mama akachukua, na mama akarudisha, uso wake umetulia kama mtu anayenunua chumvi. Jina la Ndeshi likawa linakwenda na kurudi uwanjani pale, linagonga ukuta wa kanisa, linavuka korongo. Ndipo mama mmoja mzee wa kwaya, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea nje ya wimbo, akanyanyua mkono. "Mama Elia, utachoka peke yako. Lete kwangu." Akakaa nao kidogo, ameushika kama mjukuu, akasema, "Narudisha." Wa tatu akawa kijana, wa nne mwalimu wetu wa Jumapili. Mzee Eliakimu akaondoka akaingia ofisini, na wazee wenzake wakamfuata mmoja mmoja, na mnada ukaendelea bila wao mpaka sauti ya baba ikakauka.

Nisiwadanganye kwamba usharika uliongoka siku ile. Bibi Ndeshi hakurudishwa kundini, na hakuwahi kutubu. Walimzika bila kengele, miaka kadhaa baadaye, na sisi watatu tuliimba wenyewe. Siku hizi mambo yamelegea na hakuna anayependa kuyakumbuka, ndiyo maana nayakumbuka mimi. Na Jumapili ileile ya mnada, kabla mtori haujapoa, baba aliitwa ofisini akaambiwa apumzike uzee wa kanisa.

Alirudi nyumbani akakaa, hakula. Kisha akasimama, na koti lake la ibada bado mwilini, akaenda kwa Bibi Ndeshi. Tulimfuata sote, mama naye. Tulimkuta Bibi Ndeshi amekaa mlangoni na kanga yake nzuri, na nikajua hakuwa ameondoka hapo tangu asubuhi. Kutoka kwake uwanja wa kanisa husikika wazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Aminieli. Una sauti, Mungu akutunzie. Lakini umeniita Ndeshi mbele ya watu kama unaita mbuzi. Hukuona nafasi ya kuweka Bibi mbele yake?"

"Nisamehe."

"Nimesamehe. Wamekufanya nini?"

"Wameniambia nipumzike." Baba akanionyesha kwa kidole. "Bibi, mimi watoto hawa niliwaleta kwako wakukatie majani tu. Huyu leo amenisimamisha mbele ya usharika mzima. Amenitoa kwenye benchi la wazee."

"Uliwaleta kwangu wafanye nini?"

"Wajifunze kutumikia watu."

"Basi wamejifunza. Sasa unalalamika nini?"

Mama alicheka kwanza, akiziba mdomo kwa kiganja. Baba alibaki amesimama pale uani, fundi mkubwa, kisha kicheko kikamtoka na yeye, kicheko chenye machozi ndani yake, akanishika kichwa kwa mkono wake mzito wa seremala akauacha hapo. Alipomaliza akatazama juu. Bati la Bibi Ndeshi lilikuwa limeoza upande mzima, na ndani beseni zilikuwa zimepangwa chini ya matundu. Nilikuwa nimezimwaga beseni hizo mara nyingi, bila kujiuliza kwa nini nyumba iliyo jirani na fundi inavuja hivyo. Nyundo husikika mbali, ndiyo sababu.

"Elia," baba akasema, "kalete nyundo na misumari ya bati."

"Baba, leo Jumapili," Elia akasema. Kwetu hakuna aliyegonga msumari Jumapili.

"Najua ni Jumapili," baba akasema, akivua koti. Aligonga mpaka giza likaingia, na kijiji kizima kilijua ni nyumba ya nani.